Barazani: Wilaya Mpya Yaelekea Wapi?

Barua za juma hili ni nyingi. Moja yauliza habari za mahari, nyingine za mbegu zilizokataa kuota, nyingine za kijana asiyetaka kushika jembe. Hizo zote tutazijibu kwa zamu. Leo nimeichagua barua moja tu, maana mwenye kuiandika ana haraka, na neno lake lawahusu wengi. Naye aandika hivi:

"Mzee wa Barazani, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, mama wa watoto 5. Wilaya yetu ni mpya. Siku tuliyotangaziwa kuwa tumepewa wilaya yetu wenyewe tulipiga ngoma mpaka asubuhi. Sasa kata yangu imenichagua niwe katika kamati ya kutunga dira ya maendeleo ya wilaya. Mkutano wa kwanza tulikaa saa 6 tukigombana juu ya mahali pa kujenga makao makuu. Mkutano wa pili tukakabidhiwa kitabu kilichokwisha pigwa chapa, kurasa 80, tukaambiwa tutie sahihi kabla ya Ijumaa ya juma lijalo. Nilikisoma usiku. Ukurasa wa 41 wasema zao letu kubwa ni pamba. Mzee, sisi hatulimi pamba, wala babu zetu hawakulima. Mbele kidogo nikakuta jina la wilaya nyingine halikufutwa. Niliposema neno hilo nikajibiwa, 'Mama, usicheleweshe fedha.' Je, nitie sahihi?"

Mama Mwalimu, marahaba. Jibu langu ni fupi: usitie sahihi bado. Lakini usitoke katika kamati. Kukataa na kwenda zako nyumbani ni kazi rahisi, na kitabu kitapita bila wewe. Kubaki na kusema kwa adabu, "Turudi tukatazame tena," ndiyo kazi ngumu. Nami nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Wilaya mpya si jambo geni kwetu Tanzania. Mwezi Machi 2012 serikali ilianzisha mikoa mipya 4, yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na wilaya mpya 19. Kalambo ilitoka katika Sumbawanga, Chemba ikatoka Kondoa, Gairo ikatoka Kilosa, Kakonko ikatoka Kibondo, na Nyasa ikatoka Mbinga. Sababu iliyotolewa ni ile ile ya siku zote: kuwasogezea watu huduma karibu. Nayo ni sababu njema. Mtu aliyekuwa akisafiri siku nzima kumtafuta afisa mmoja, akamkosa, akalala mjini kwa gharama yake, ajua maana ya ofisi kuwa karibu.

Lakini ofisi peke yake si maendeleo. Wako watu wanaofikiri kwamba wilaya ikishapata Mkuu wa Wilaya, bendera na magari, basi imekamilika. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Mkurugenzi wa halmashauri naye huteuliwa. Wakati wowote huweza kuhamishwa, naye mwingine akaja. Madiwani huchaguliwa, nao hukaa kwa muda wao. Ni nani basi asiyehama? Ni yule mama anayelima mtaroni, na mvuvi, na mtoto aliye darasa la kwanza. Dira ni yao hao. Ikitungwa na mtu anayepita tu, atakapoondoka ataondoka nayo.

Tena sisi tumekwisha kuonja uchungu wa mipango inayotoka juu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu, maana lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Kumbe yalikwenda kwa maafisa, si kwa wananchi. Ilibidi itungwe sheria mpya mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katikati ya miaka hiyo, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishwa katika vijiji. Nia ya shule, maji na zahanati ilikuwa njema. Lakini pengine kijiji kiliwekwa mahali wazee walipokuwa wakikataa siku zote, kwa kuwa walijua maji yake hukauka mwezi wa tisa. Hakuna aliyewauliza.

Na kabla ya hapo, huko huko Ruvuma ambako leo iko Wilaya ya Nyasa, kulikuwa na mfano wa namna nyingine. Vijana wachache, na Ntimbanjayo Millinga kati yao, walianza kijiji cha Litowa karibu na Songea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walilima pamoja, wakakaa mkutanoni pamoja, wakachagua wenyewe la kufanya kwanza na la kungoja. Vijiji vingine vikaiga, vikaungana katika chama kilichoitwa Ruvuma Development Association. Wakawa na shule yao iliyofundisha watoto maisha ya kijiji chao, na kinu cha kusaga. Mwezi Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa amri. Wengi wamebishana juu ya sababu. Mimi nataka tukumbuke hili moja: watu wale hawakuwa na wataalamu wengi wala fedha nyingi, lakini ungalimwuliza yeyote kijijini, "Mwaka huu mnafanya nini, na kwa nini?" angalikujibu. Je, Mama Mwalimu, katika wilaya yenu ni wangapi wangaliweza kujibu swali hilo leo?

Sasa tuitazame Nyasa yenyewe, maana mfano ulio wazi hufundisha kuliko maneno mengi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta huko watu zaidi ya 146,000. Makao makuu ni Mbamba Bay. Ukisimama hapo waona wilaya yenye nyuso mbili. Mbele yako ni ziwa, la tatu kwa ukubwa katika Afrika, lenye kina kinachofika kama meta 700, nasi twalitumia pamoja na Malawi na Msumbiji. Watu wa ufukoni huvua usipa na mbasa, na hula muhogo. Nyuma yako ni milima, na huko juu watu hulima kahawa na mahindi. Mwenye mtumbwi na mwenye mibuni ni wa wilaya moja, lakini shida zao si moja. Wa ziwani husema, "Tupeni gati na barafu." Wa mlimani husema, "Tupeni barabara, kahawa yetu yalala njiani." Wote wawili wasema kweli. Ukimsikiliza mmoja tu, umekwisha igawa wilaya upya kabla rangi ya ofisi haijakauka.

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, zaidi ya kilomita 60, ilijengwa baada ya wilaya kuzaliwa. Serikali ikaanza pia kazi ya bandari. Hayo ni mambo ya taifa, wala hakuna halmashauri moja iwezayo kuyafanya kwa ushuru wake. Basi watu wengine husema, "Kama makubwa yatoka serikalini, dira ya wilaya ni ya nini?" Ndugu zangu, ni ya swali hili: barabara ikifika, sisi tutapakia nini juu yake? Maana barabara hailetI tu, huchukua pia. Lori lililokuja na saruji haliondoki tupu. Likiondoka na usipa wote, kwa bei ya mwenye lori, mtoto wa mvuvi atabaki na ugali wa muhogo bila kitoweo. Likiondoka na usipa uliokaushwa vizuri juu ya chanja, kwa bei iliyokubaliwa na chama cha wavuvi, na sehemu ikabaki nyumbani, hapo barabara ni baraka. Lami ni ile ile. Tofauti ni kama watu walikaa wakapatana kabla lori halijafika.

Nasema habari ya mtoto kwa makusudi. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Ruvuma zaidi ya mtoto mmoja katika kila watoto 3 walio chini ya miaka 5 ni mfupi kuliko umri wake, kwa sababu ya lishe mbaya. Huu ni mkoa wa mahindi mengi, nao una samaki! Basi twaona kwamba ghala laweza kujaa na mtoto akadumaa. Dira inayohesabu magunia bila kuwapima watoto ina jicho moja.

Wasomaji wapenzi, huenda mwasema, "Mzee huyu ahubiri tu." Hapana, nami nina deni langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya maendeleo kijijini kwetu. Bwana mmoja alikuja na gari akatuambia tutaje mahitaji yetu yote. Tukataja, nami nikaandika kwa mwandiko mzuri, mahitaji 27. Ofisi ya kijiji ilikuwa ya kwanza, maana tuliona haya kupokea wageni chini ya mwembe. Kisima kilikuwa cha 19. Kwa nini 19? Kwa sababu wanaume ndio tuliosema siku ile, na maji huchotwa na wanawake. Wao walikaa nyuma, wakanyamaza, nasi tukadhani kunyamaza ni kukubali.

Mwaka uliofuata zikaja fedha za kazi moja tu. Wakubwa wakafungua orodha, wakachukua namba 1. Ofisi ikajengwa, nzuri, ya bati. Kiangazi kile kisima cha zamani kikakauka, wanawake wakaanza kwenda mtoni alfajiri. Binti wa jirani yangu, wa darasa la 6, alikwenda na ndoo yake. Mamba alimchukua. Ile orodha ilibaki ofisini katika faili, na sahihi iliyo chini yake ni yangu mimi.

Ndiyo maana, Mama Mwalimu, nakuambia sahihi si wino tu.

Mwalimu Nyerere, alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, aliwafundisha wananchi kwamba kupanga ni kuchagua. Orodha ya mahitaji si mpango. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Kata yenye vijiji 5, kila kijiji kikitaja mahitaji 12, imetaja mahitaji 60. Wilaya yenye kata 20 imetaja 1,200. Hakuna serikali duniani iwezayo kuyatimiza hayo kwa miaka mitano. Basi afisa aliyechoka atafanya nini? Atachagua yeye, peke yake, mezani pake. Wazee wetu walisema, mtaka yote hukosa yote. Hata ule utaratibu wetu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika vijijini miaka ya 2000, ulipata ugonjwa huo huo: watu wakataja vikwazo vingi na kusahau fursa, ikabidi utengenezwe upya ili kazi ianzie katika yale watu waliyokwisha kuyaanza kwa mikono yao.

Haya, nini la kufanya kabla ya Ijumaa hiyo? Nakupa mambo 6.

La kwanza, omba kitabu kirudi vijijini. Si kwa hasira. Simama useme, "Bwana Mwenyekiti, ukurasa wa 41 una pamba, nasi hatuna pamba. Tukiupitisha, wa juu wakiusoma watatucheka, au watatuletea mbegu za pamba." Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na sheria yaupa heshima kubwa. Utumieni. Msiuite siku ya gulio, wala saa ambayo mitumbwi ipo majini. Wanawake wakae kwanza peke yao, na vijana peke yao, kisha wote pamoja. Utashangaa kuona namba 19 ikipanda ikawa namba 1.

La pili, hesabuni mlicho nacho kabla ya kutaja msicho nacho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nenda zahanati uulize ni watoto wangapi walipimwa mwezi uliopita na wangapi hawakutosha uzito. Nenda shuleni, nawe wajua njia, uulize walioanza darasa la kwanza miaka 7 iliyopita walikuwa wangapi, na waliomaliza ni wangapi. Mito isiyokauka ni mingapi? Vyama vya ushirika vilivyo hai ni vingapi? Hesabu hizo hazihitaji mtaalamu wa kukodiwa. Zahitaji miguu na penseli.

La tatu, mtazame mbele hesabu za watu. Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu milioni 44.9. Mwaka 2022 tulikuwa milioni 61.7. Kwa mwendo huo watu huwa maradufu katika miaka kama 22. Dira ya Taifa iliyozinduliwa mwezi Julai 2025 inatazama mwaka 2050, na dira yenu haina budi kutazamana nayo. Basi mkipanga eneo la shule, makaburi, malisho na soko, pangeni kwa wilaya yenye watu mara mbili. Ardhi ndiyo kitu pekee kisichozaa ardhi nyingine. Ikisha kuuzwa vipande vipande karibu na ofisi mpya, hamtaipata tena ila kwa kesi na machozi.

La nne, chagueni mambo 3 makubwa, yasizidi 4. Kwa kila moja andikeni ni nani atafanya, kwa fedha ipi, lini, na kwa ishara gani mwanakijiji asiyejua kusoma ataona kwamba limefanyika. Kisha mtenganishe mafungu: hili ni letu wenyewe, hili ni la halmashauri, hili tutaliomba serikalini. Mkumbuke pia kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Dira isiyosema vikundi hivyo vitafanya kazi gani itaacha fedha hizo ziende kwa wenye masikio marefu tu.

La tano ni makao makuu, ambayo yamewagombanisha saa 6. Neno hili limevunja urafiki katika wilaya nyingi. Ziko halmashauri zilizokaa miaka zikifanya kazi katika mji wa wilaya mama, hata mwaka 2019 serikali ikaamuru zihamie ndani ya maeneo yao. Ushauri wangu: msiulize ni tarafa ipi ina heshima zaidi. Ulizeni mama mjamzito na mzee mwenye fimbo wa kijiji cha mwisho kila upande watafika kwa saa ngapi. Halafu upande unaokosa makao upate kitu kingine kikubwa, hospitali au shule ya sekondari ya bweni, na iandikwe katika dira wazi wazi, si kwa kunong'onezana. Mtu akigawiwa kidogo mbele ya watu huridhika kuliko akiahidiwa kikubwa gizani.

La sita, dira isomwe kila mwaka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya bajeti kupitishwa, mambo yale 3 yabandikwe ukutani katika kila ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili chepesi, na mkutano uulize: lipi limefanyika, lipi limekwama, na nani alikwamisha? Pasipo siku hiyo moja ya kuulizana, kitabu kitakuwa chakula cha mchwa.

Sasa neno moja juu ya hao waliokuambia usicheleweshe fedha. Usiwachukie. Pengine nao wameandikiwa barua kali kutoka juu, na waogopa. Waambie hivi: majuma 6 ya kurudi vijijini yatapita, lakini dira yenye kosa itakaa miaka 25. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka 2026 atakuwa na miaka kama 30 mwaka 2050. Atakuwa ana mke au mume, ana watoto wake, na atauliza wazee wake walikuwa wapi siku ile ilipochaguliwa mito, misitu na barabara za nyumbani kwao. Wengine watamjibu kwamba walikuwa wanakimbizana na Ijumaa.

Huenda watakukatalia, Mama. Huenda wenzako wote wataandika majina yao, nawe utabaki peke yako na kalamu yako mkononi. Hapo mwombe katibu aandike katika kumbukumbu za mkutano kwamba mjumbe wa kata yako ameomba ukurasa wa 41 usahihishwe na vijiji viulizwe. Ni mstari mmoja tu. Lakini atakayekuja kesho kutafuta ukweli ataukuta mstari huo, na ataanzia hapo. Mimi ningalitoa mengi leo kama katika faili ile ya kijijini kwetu ungalikuwapo mstari mmoja wa namna hiyo, ulioandikwa kwa ajili ya kisima.

Tena usiende peke yako. Mtafute mvuvi mmoja mwenye maneno machache, mkulima mmoja wa mlimani, na kijana mmoja mwenye pikipiki ajuaye njia zote. Kaeni jioni moja kwako, mnywe chai, mkubaliane jambo 1 tu kati ya yale 3. Kamati ikikutana Ijumaa, sauti 4 zitasema neno moja. Umoja wa wilaya huanza hivyo, katika kikombe cha chai, kabla haujaanza katika kitabu.

Wasomaji wengine wanaokaa katika wilaya mpya, nanyi mtuandikie. Mliamua nini kwanza? Nani aliulizwa, na nani alisahauliwa? Barua fupi zatosha. Na wewe Mama Mwalimu, baada ya Ijumaa tuandikie tena utuambie yaliyotokea, mazuri au mabaya. Nafasi yako hapa barazani nimekuwekea.

Wasalaam, na tuonane juma lijalo.

Mzee wa Barazani